Asanteni, Vijana wa Kazi Mtaani

Mwaka 2020, korona ilipovuruga ujenzi, hoteli na biashara ndogondogo, vijana wengi wa Kibera, Mathare na Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, walikosa hata kibarua cha siku. Mwishoni mwa Aprili, serikali ya Kenya ikaanzisha Kazi Mtaani, mpango wa kuwapa vijana vibarua vya kusafisha mitaa yao. Awamu ya pili, iliyoanza Julai, ililenga vijana zaidi ya 270,000 kote nchini.

Walifyeka vichaka na kuzoa taka, lakini mimi nawavulia kofia hasa kwa mitaro. Kuzibua mtaro wa mtaa wa mabanda ni kusimama na gambuti ndani ya tope jeusi, kuchota kwa sepetu mifuko, matambara na uchafu wa vyoo, kisha kuusukuma mzigo huo kwa toroli huku barakoa imelowa jasho. Maji yaliyokuwa yametuama milangoni mwa watu yakapata njia.

Kwa kazi hiyo, katika awamu ya pili walilipwa shilingi 455 kwa siku, na nyakati nyingine malipo yalichelewa. Walistahili zaidi. Ukikutana na mmoja wao mtaani, mpe mkono, umwambie asante.