Kanisa Lililoshikana na Ngome: Mahubiri ya Kuta za Kwidzyn

Mkristo anapoingia kanisani husikia mahubiri ya aina mbili. Ya kwanza hutoka mimbarani, nayo huisha baada ya nusu saa. Ya pili hutoka kwenye kuta, na hayo hayaishi. Kuta husema nani akae mbele na nani akae nyuma, jina la nani lichongwe kwenye jiwe na la nani lisahaulike. Mahubiri ya mimbarani tunayapima kwa makini tukiwa njiani kurudi nyumbani. Ya kuta tunayapokea bila kuuliza. Katika makala hii nataka tuyapime hayo ya pili, kwa kulitazama jengo moja la mbali ambalo sisi Walutheri tunahusika nalo kuliko tunavyodhani.

Jengo hilo liko Kwidzyn, mji mdogo wa kaskazini mwa Polandi, makao makuu ya wilaya ya mashamba na misitu karibu na mto Vistula, kusini mwa Gdańsk. Wajerumani waliuita mji huo Marienwerder. Juu ya ukingo wa bonde la kijito cha Liwa limesimama kanisa kuu la Mtakatifu Yohana Mwinjilisti, na limeshikana na ngome ukuta kwa ukuta, vyote vya matofali mekundu, vilivyojengwa hasa katika karne ya 14. Wanaolisifu jengo hili wana haki. Nchi ile haina machimbo ya mawe mazuri, hivyo mafundi walichoma udongo wa kawaida wakainua kwa huo kuta ambazo zimesimama zaidi ya miaka 600. Ni kazi ya mikono inayomtukuza Muumba.

Lakini uzuri hauondoi swali. Kwa nini nyumba ya sala imefungamana na nyumba ya vita?

Jibu liko katika namna Injili ilivyoingizwa huko. Mwaka 1233 Shirika la Wateutoni, watawa wa Kijerumani waliokuwa pia askari wa farasi, waliweka kituo chao hapo wakiwa katika vita vya kuwashinda Waprusi, wenyeji ambao walikuwa bado wanafuata dini za mababu zao. Mwaka 1243 nchi iligawanywa katika dayosisi nne, mojawapo ikiwa Pomesania, ambayo kanisa kuu lake ndilo hili. Wenyeji waliasi, wakashindwa, na katika mkataba wa mwaka 1249 Wapomesania waliagizwa kujenga makanisa 13. Hebu tutafakari agizo hilo. Kwa watu wale kujenga kanisa kulikuwa sharti la amani walilowekewa na mshindi wao. Mbegu iliyopandwa kwa upanga ilihitaji kuzungushiwa ukuta, ndiyo maana hata juu ya kuta za kanisa lenyewe ilipita njia ya walinzi. Kuta hizo zinakiri hofu ya waliozijenga kwa uwazi ambao mahubiri yao huenda hayakuwa nao.

Kutoka kwenye ngome hiyo linatokeza daraja refu la matao makubwa, zaidi ya mita 50, linaloishia kwenye mnara bondeni. Wageni hulipiga picha kuliko sehemu nyingine yoyote. Wapolandi huuita mnara huo gdanisko, na kazi yake kuu ilikuwa choo. Walioutumia ni makanoni, yaani mapadre wa baraza la kanisa kuu, ambao ngome ilikuwa makao yao. Tusiwacheke haraka, kwa maana usafi ni jambo jema, na mnara huo ulisaidia ulinzi pia. Lakini urefu wa daraja hilo unashinda urefu wa makanisa mengi ya vijijini. Mahali ambapo fedha za kanisa zimekwenda, jengo halifichi.

Tukizunguka upande wa kusini, juu ya lango, kwa nje, kuna picha iliyotengenezwa kwa vipande vidogo vya rangi karibu mwaka 1380. Inamwonyesha Yohana Mwinjilisti akiwa ndani ya chungu cha mafuta yanayochemka, kama mapokeo ya kale yanavyosimulia. Kwangu mimi, hapa ndipo kuta za Kwidzyn zinapohubiri vizuri kuliko mahali pengine. Mlangoni mwa ngome yenye kila aina ya ulinzi amewekwa mtume asiye na ulinzi wowote. Hata hivyo aliyeagiza picha hiyo, askofu Johannes Mönch, hakujisahau. Yumo katika picha, amepiga magoti. Kupiga magoti ni unyenyekevu. Kuagiza uonekane ukipiga magoti, tena juu ya lango ambalo kila mtu anapita, ni jambo linalohitaji kuchunguzwa.

Ndani ya kanisa hilohilo aliishi mtu aliyetaka nafasi ndogo kabisa. Dorothea wa Montau, mjane wa fundi wa panga kutoka Gdańsk, alikuwa amezaa watoto tisa na kubakiwa na mmoja tu. Mwezi Mei 1393 aliingia katika chumba kidogo kilichojengwa kwenye ukuta wa kanisa, mlango ukazibwa, akaishi humo akiomba hadi alipofariki Juni 1394. Teolojia yetu haitufundishi kwamba kujifungia hivyo humpendeza Mungu kuliko kulea mtoto au kulima shamba, na nisingemshauri mjane yeyote wa usharika wetu afanye vile. Lakini tumtazame kama jirani katika jengo hilo. Karibu naye, chini ya sakafu ya sehemu ya altare, walizikwa wakuu wa Shirika la Wateutoni. Mwaka 2007 wanaakiolojia walifukua huko mabaki ya watatu, ambao walitambuliwa kuwa Werner von Orseln, Ludolf König na Heinrich von Plauen. Wa kwanza aliuawa mwaka 1330 na askari wa shirika lake mwenyewe. Wa tatu aliiokoa ngome kuu ya Malbork mwaka 1410, kisha wenzake wakamwondoa madarakani na kumfunga. Ukuta mmoja uliwatunza wenye panga na mjane wa fundi wa panga, na ni mjane aliyekuwa amekuja hapo kutafuta Meza ya Bwana tu.

Ndipo yakaja Matengenezo ya Kanisa, na hapa hadithi inakuwa yetu. Mwaka 1525 nchi ya Shirika iligeuzwa kuwa utawala wa kidunia chini ya Albrecht wa Hohenzollern, dola ya kwanza ya Kilutheri. Katika mwaka huohuo askofu wa Pomesania, Erhard von Queis, akiwa Prabuty, mji mwingine wa wilaya hiyohiyo ambao maaskofu walikuwa na ngome yao, alitoa mpango wake wa matengenezo uliotambua sakramenti mbili tu. Baada yake alikuja Paul Speratus. Huyu alikuwa ametiwa gerezani huko Olomouc mwaka 1523, katika hatari ya kuchomwa moto, na humo akatunga wimbo juu ya wokovu kwa neema ambao uliingia katika kitabu cha kwanza kabisa cha nyimbo za Kilutheri mwaka 1524. Akawa askofu, akafia Marienwerder mwaka 1551.

Tungetarajia kwamba kuta nazo zitaanza kuhubiri neema. Mimbarani ilihubiriwa hivyo kwa karne nne. Lakini mwanzoni mwa karne ya 18, pembeni mwa kanisa hilo, ambalo sasa lilikuwa la Kilutheri, ilijengwa kanisa ndogo ya fahari kwa ajili ya kaburi la Otto Friedrich von der Groeben, mkuu wa serikali wa eneo hilo. Ni nani huyu? Tarehe 1 Januari 1683, kwa amri ya mtawala wa Brandenburg, alipandisha bendera kwenye kilima cha pwani ya Ghana ya leo na kuanzisha ngome ya Gross Friedrichsburg. Waafrika walinunuliwa na kuuzwa kupitia ngome hiyo. Mwaka 1694 alichapisha habari za safari zake hukohuko Marienwerder, na alipokufa mwaka 1728 alilazwa kwa heshima ndani ya nyumba ya Mungu.

Mpendwa msomaji, hapa mimi kama Mlutheri wa Afrika siwezi kupita haraka. Ni rahisi kuwahukumu Wateutoni, kwa kuwa si wetu. Groeben alilazwa kwetu. Mafundisho yalikuwa yametengenezwa na hesabu ya sakramenti ilikuwa sahihi, lakini desturi ya kumpa mwenye nguvu nafasi karibu na altare haikuguswa. Yakobo alikuwa ameonya mapema, katika sura ya pili ya waraka wake, juu ya mwenye pete ya dhahabu anayekaribishwa kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame. Onyo hilo lilisomwa katika kanisa la Kwidzyn miaka yote, na kaburi la fahari likajengwa.

Tangu mwaka 1945, baada ya vita na kuondoka kwa Wajerumani, kanisa hilo ni la Wakatoliki, na wanalitunza vizuri. Sisemi kaburi la Groeben livunjwe. Livunjwe, na kesho tutasema halikuwapo. Liachwe, lakini lisomwe kwa sauti, pamoja na habari za wale waliopita katika ngome ya Ghana ambao hawana kaburi wala jina.

Na sisi tusome kuta zetu. Sharika zetu nyingi zinajenga, na ni neema kubwa. Basi kamati ya ujenzi ikikaa, pamoja na hesabu ya saruji na mabati, ijibu maswali haya. Yule mama aliyeleta mayai mawili ya mnada, jengo litamkumbukaje? Jiwe la msingi litabeba jina la nani, na fedha yake ilitoka wapi? Viti vyenye mito vitakuwa vya nani? Mwenye magongo atapandaje ngazi zile? Majibu yatawekwa kwenye saruji, na wajukuu wetu watayasikia kila Jumapili, hata mchungaji wao akihubiri jambo lingine.