Olkaria: Utenzi Uliofukiwa Dibaji

Wengi wanaoisoma Olkaria, eneo la mvuke katika Bonde la Ufa la Kenya, kama utenzi huishia kwenye maudhui: moto, mvuke, umeme unaozalishwa tangu 1981. Fani hawaigusi. Nayo fani ndiyo inayofichua kwamba ardhi hii inayopasuka iliwahi kuungwa.

Tuanze na kuta za hifadhi ya Hell's Gate, hapo hapo Olkaria. Lava ilipopoa ilisinyaa, ikakatika kuwa nguzo zilizosimama wima, upana wake ukikaribiana kama mishororo iliyopimwa mizani. Korongo la Njorowa nalo lilichongwa na maji ya Ziwa Naivasha, enzi lilipofurika kuelekea kusini. Kuna pia obsidiani, kioo cheusi kilichopoa haraka mno hata fuwele hazikuwahi kujipanga. Lava ya Ololbutot, nayo ya Olkaria, ina miaka 200 hivi; kwa umri wa miamba, wino haujakauka. Hizi zote ni beti za mwisho.

Dibaji iko wapi? Visima vya mvuke vimeshuka kiasi cha mita 3,000, na bado vinapandisha mawe ya volkano tupu. Miamba ya msingi havijaifikia. Anayeitaka aende Machakos, ambako miamba hiyo ya msingi, ya aina ya naisi, imejitokeza juu, mistari yake myeupe na myeusi ikiwa imekunjwa na kupindwa. Huo ni Mkanda wa Msumbiji, jina tulilopewa na mwanajiolojia Arthur Holmes: kovu la migongano ya kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, vipande vya ganda la dunia vilipokutana, bahari zilizovitenganisha zikafungwa, bara kuu la Gondwana likaundwa. Magharibi yake imekaa kratoni ya Tanzania, kipande kikongwe na kigumu cha ganda la dunia, yenye zaidi ya miaka milioni 2,500, mizizi yake minene na baridi.

Sasa tazama ramani. Bonde la Ufa likiikaribia kratoni haliikati. Linagawanyika: tawi moja lashika njia ya Ziwa Tanganyika, jingine Nakuru, Naivasha, hadi Natron. Mpasuko umechagua palipoungwa, si palipo pazima. Kwangu huu ndio ufundi mkubwa wa Olkaria, kuliko nguzo na mvuke: ubeti usiosikika ndio uliopanga vina vya beti zilizofuata. Kasoro yake ni kwamba msomaji aliyesimama Njorowa hawezi kuukisia peke yake. Hana budi kuazima nakala ya Machakos.