Mshipi wa Mwambani

Watu wengi wakimwona mtu ameketi juu ya mwamba na mshipi mkononi, humhurumia. Hudhani ni mvuvi aliyekosa ngalawa. Mimi naona tofauti kabisa. Mwenye chombo huwafuata samaki waliko, lakini mvuvi wa mwambani hana pa kwenda. Inampasa ajue watapita wapi, saa ngapi, wakitafuta nini, kisha awangojee papo hapo. Huo ni ufundi uliokamilika, na kila nikipata wikendi ya Mombasa huenda kuutazama.

Pa kuutazamia ni Ras Serani, pale barabara ya Mama Ngina inapopita kwenye mibuyu, mbele ya mlango wa bahari ambao meli huingilia bandari ya Kilindini. Anayeshuka garimoshi la Nairobi pale Miritini Ijumaa usiku anaweza kuwapo alfajiri ya Jumamosi. Mwamba wenyewe ni matumbawe ya kale, yaliyojengeka zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Mawimbi yameula kwa chini, na juu umejaa ncha zinazochana ndara.

Zana ni chache: mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kijiti au chupa ya plastiki, ndoana, chubwi, na chambo cha kamba au ngisi. Lakini itazame chubwi. Mara nyingi ni jiwe tu, nalo limefungwa kwa uzi mwembamba kuliko mshipi. Asiyejua ataona ni ubahili. Jiwe likinasa kwenye ufa, uzi ule hukatika peke yake, na ndoana hurudi salama pamoja na samaki aliye juu yake. Aliyelibuni jambo hilo alikuwa amepoteza ndoana nyingi.

Kabla ya kutupa, mvuvi huupanga mshipi duara juu ya kipande cha gunia usishikwe na ncha za mwamba. Huzungusha jiwe pembeni, akaachia, likatua mbali bila kishindo. Kisha huupitisha mshipi juu ya kidole cha shahada na kutulia. Kazi yenyewe sasa ndiyo inaanza. Visamaki vidogo hudonoa upesi upesi, naye havijali. Changu huonja, huacha, hurudi. Ukivuta kwa pupa umempokonya chambo mdomoni. Tewa hana masihara: humeza chote, akageuka kurudi pangoni, na asipoinuliwa mara moja atajibana humo na mshipi utasagika kwenye jiwe. Kolekole hukimbilia maji makubwa, kwa hiyo huachiwa mshipi kwa kipimo, hata achoke. Nimewasikia wavuvi wakimtaja samaki kwa jina angali chini, na akatoka yule yule waliyemtaja. Yote hayo wameyasoma kwa kidole kimoja.

Elimu ya maji ni pana zaidi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kama saa kumi au kumi na moja alasiri, na kati ya kupwa na kujaa yanaweza kupanda zaidi ya mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mvuvi hodari hafiki maji yakiwa yamejaa. Hufika yamekupwa, akatembea juu ya mwamba ulio wazi akikagua: huu ufa, hili pango, hapa kuna mchanga. Bahari ikirudi na kuvifunika vyote, yeye bado anaviona. Samaki hupanda na maji kuja kutafuta kaa na kome mahali palipokuwa pakavu, na ndoana yake huwa imekwisha kutangulia. Mwenye ngalawa na mashine ya kupimia kina hamshindi mtu huyu kwa maarifa, na ni haki tuliseme hilo wazi.

Kusi likivuma, kati ya Mei na Septemba, mawimbi hupanda mwambani bila kubisha hodi. Ndiyo maana wazoefu hawaipi bahari kisogo, na hukaa juu wakihesabu mawimbi kwanza kabla ya kushuka.

Nawe ukienda, toa salamu na uulize pa kuketi, usije ukavuka mshipi wa mtu. Vaa viatu vya soli ngumu. Tafi akitoka majini usimshike kwa mkono mtupu. Miiba yake ina sumu. Mbuga za bahari ziache zipumzike: za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na Mombasa ina yake upande wa Nyali na Bamburi. Na mshipi ukikatika, kiokote kipande uondoke nacho, kwa sababu nailoni haiozi na kasa hawaioni.