Fizikia ya Dhana na Neno "Nguvu"

Mwaka 1971 Paul Hewitt wa Marekani alichapisha Conceptual Physics, kitabu kinachotanguliza dhana mbele ya hesabu. Leo mwanafunzi wa sekondari aweza kuyafuata masomo yake kwa intaneti. Twausifu mtindo huo. Walakini, hesabu ikiwekwa kando, mzigo wote huyaelemea maneno. Mfasiri anayetumia "nguvu" kwa kila jambo humpoteza mwanafunzi, kwani hakuna kanuni ya hesabu ya kumwongoza. Aliyesimama tuli na ndoo ya maji kichwani huitolea ndoo kani, lakini kifizikia haifanyii kazi. Hivyo twashauri: kani iwe msukumo au mvuto, nishati, uwezo wa kufanya kazi, nguvu, kasi ya kuifanya.