Futuri Moja Kutoka Dirishani

Fundi huyu hapokei simu yako mpaka akuulize kwanza: "Ikikwama, wewe huwa umekaa wapi?" Nimemsikia akimuuliza hivyo muuza samaki, akamuuliza mwanafunzi wa chuo, akamuuliza na mzee aliyekuja na simu mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira. Meza yake iko kwenye kichochoro kinachotokea Darajani, Unguja. Kubadilisha vioo na betri ndiyo kazi inayomlisha, kama wenzake waliopakana naye. Lakini wapo wanaokuja kumtafuta yeye khasa kwa ugonjwa usio na ufa wala alama: simu nzima, bando limejaa, laini inasoma, na bado picha inazunguka tu, haifunguki.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya mama. Kila Ijumaa baada ya sala hupigiana video na mdogo wake aliyeko Maskati, na kwa wiki kadhaa sura ya mjomba ilikuwa ikiganda mdomo wazi, sauti ikifika vipande vipande. Simu yenyewe aliileta mjomba alipokuja likizo. Mama alikwishakata shauri kuwa imezeeka. Fundi alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza swali lake. Nikamjibu kuwa mama hukaa kwenye kiti chake, chumba cha kati, nyumba yetu ya Mkunazini. Akaweka bisibisi chini.

"Nyumba ya mawe ya zamani, au ya matofali?"

Nilidhani ananizungumzisha tu. Baadaye nilielewa kwamba pale kazi ilikuwa imeshaanza.

Simu aliiwasha, na vile vijiti vya mtandao juu ya kioo hakuvitazama hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema vijiti havina kipimo kimoja duniani, kila kiwanda kinajiamulia vijiti vitatu vina maana gani. Akabonyeza *#*#4636#*#*, namba ambayo kwenye simu nyingi za Android hufungua ukurasa wa vipimo, na ambayo kwenye vitufe vya simu za zamani ilikuwa ikiandika neno INFO. Hapo ndipo simu inaposema kweli yake: imeshika mnara gani, kwa teknolojia ipi, na inausikia kwa nguvu gani.

Nguvu hiyo huandikwa kwa dBm, na namba yake huwa hasi, kwa hiyo inayokaribia sifuri ndiyo bora. Kwenye 4G, hasi 75 ni raha. Hasi 105, simu inatega sikio. Hasi 118, inaning'inia ukingoni. Mtu akiona tofauti ya 30 kati ya hasi 75 na hasi 105 anaweza kuidharau, kumbe kipimo hiki kinakwenda kwa kuzidisha: kila 10 ni mara kumi, na 30 ni mara 1,000. Mtu akihama kutoka roshani akaingia chumba cha ndani anaweza kupoteza sehemu 999 katika kila 1,000 za nguvu iliyokuwa ikimfikia, na simu bado ikaendelea kuzungumza. Mimi nimefundisha hesabu skuli miaka mingi, na sikupata kufikiri kwamba mfukoni mwangu kuna chombo kinachofanya kazi kwenye upana kama huo bila kulalamika.

Ila nguvu peke yake haitoshi, na fundi huwa hatoi hukumu kabla hajatazama namba ya pili, inayolinganisha sauti ya mnara na makelele yanayouzunguka. Mfano wake ni Forodhani wakati wa magharibi. Mnara uko karibu, vijiti vimejaa, na video haiendi, kwa sababu maelfu ya watu wamesimama mahali pamoja wakirusha picha za pweza na mishikaki. Mnara wa 4G hugawa nafasi yake upya kila baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, huyu chukua, yule ngoja, na watu wakizidi, zamu ya kila mmoja inakuwa nyembamba. Mtu wa namna hiyo akimletea simu, humrudishia. Humwambia ajaribu saa nne usiku, na kama hapo inakwenda mbio, simu yake haina kosa.

Hili la kurudisha simu ndilo lililonifanya nimwamini. Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zilizolala chini ya bahari zilikatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota pwani yote hii. Watu walijaa kwenye meza za mafundi. Yeye alichukua simu tatu za laini za mitandao tofauti, akazipanga mbele yake, akaona zote zinaumwa ugonjwa mmoja: mnara zinausikia vizuri, mambo ya karibu yanajibu, ya ng'ambo yanapotea. Kutwa nzima alirudisha simu kwa wenyewe. "Simu yako nzima, njia ndiyo imekatika baharini, ngojeni." Hakuchukua senti. Angeweza kubonyeza hiki na kile, akasema ametengeneza, na mtandao ulipotengemaa wangemsifu yeye.

Turudi kwenye simu ya mama. Kabla ya kugusa chochote, alitoa daftari la kaunta na penseli, akanakili mipangilio yote kama alivyoikuta, mstari kwa mstari, mpaka ile aliyojua ataifuta. Nilikaa kama dakika kumi namtazama akiandika. Mafundi wengi wangeona huko ni kupoteza wakati. Yeye aliniambia kwamba kitu usichoweza kukirudisha kilivyokuwa, hukukitengeneza, umekibahatisha.

Kwenye APN alikuta majina matatu. APN ni jina la mlango ambao simu huutaja kwa mtandao ili ipitishwe kwenda kwenye intaneti. Kwa kawaida simu huusoma utambulisho wa laini, unaoanza na namba ya nchi, 640 kwa Tanzania, 422 kwa Oman, na kutokana na huo hujichagulia mlango yenyewe. Jina la kwanza lilikuwa la kwetu, sahihi kabisa. La pili lilikuwa la Oman, limebaki tangu mjomba alipoitumia simu ile, halidhuru kitu. La tatu ndilo lililokuwa limechaguliwa. Kuliandika aliliandika mpwa wangu, baada ya kuambiwa na wenzake kuwa ni APN ya kasi. Lilikuwa na proksi, yaani kituo cha kati ambacho baadhi ya safari za simu zilikuwa zikilazimishwa kukipitia bila sababu. Fundi hakumtukana mtoto. Alinieleza tu, kwa upole ule ule anaomwelezea kila mtu, kwamba ndani ya jina la APN hakuna kasi. Mlango uko sawa au hauko sawa. Ukiwa sawa, kuubadilisha kwa jina tamu zaidi hakuongezi hata chembe, na nafasi ya proksi kwenye laini nyingi za siku hizi huachwa tupu.

Kosa la pili lilinigusa mwenyewe. Mpwa alikuwa ameifunga simu kwenye 4G pekee. Ukiangalia juu juu ni jambo la akili, kwani nani asiyetaka kubaki kwenye kasi? Lakini kama simu au laini haijawezeshwa kupiga sauti ndani ya 4G, simu ya kawaida ikiingia inabidi ishuke kwenye 3G au 2G ipokelewe huko, kisha irudi. Ukiifungia ngazi, haishuki. Anayekupigia anaambiwa hupatikani, na menyu ya kutuma pesa nayo mara nyingi hugoma. Kwa wiki zile zote nilikuwa nikimlaumu mama kuwa hashiki simu zangu. Nilikuwa nimemwambia hata maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi wake. Simu ilikuwa hailii.

Fundi aliirudisha kwenye hali ya kujichagulia yenyewe, 4G kwanza, kisha 3G, kisha 2G. Akaiweka laini ya bando kwenye nafasi ya kwanza, maana kwenye simu nyingi za laini mbili za miaka ya nyuma, nafasi moja tu ndiyo inayopanda mpaka 4G. Akawasha hali ya ndegeni, akahesabu polepole mpaka kumi, akazima. Hili la ndegeni watu wengi hulifanya kama dua, lakini lina maana yake: simu ikitembea huweza kung'ang'ania mnara wa nyuma kwa muda hata kama upo wa karibu, na ikizimwa antena hulazimika kuachia na kutafuta upya. Namba ilipanda kidogo. Pale mezani video ilifunguka bila kusita.

Nikatoa pochi. Akasema bado. "Sijaiona kwenye kiti."

Alikuja baada ya alasiri, akabisha hodi, akavua viatu. "Shikamoo, bi mkubwa." Mama akamwitikia, akamkaribisha, akamwita mwanangu kabla hajaketi. Yeye aliomba radhi kuwa atazunguka nyumba kwanza. Wanaozijua nyumba za Mji Mkongwe wanajua zimejengwa vipi: mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zenye unene wa dhiraa na zaidi, vyumba vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kuta hizo zinatupa ubaridi mchana wa kaskazi. Kuta hizo hizo zinameza mawimbi ya simu.

Nayo mawimbi hayamezwi sawasawa. Wimbi la megahezi 1,800, moja ya masafa makuu ya 4G, lina urefu wa karibu sentimita 17, yaani futuri, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha shahada. La megahezi 800 lina sentimita 37 na nusu, linakaribia dhiraa, na hilo hupenya ukuta na kwenda mbali vizuri zaidi, ingawa kwa kawaida nafasi yake ya kubebea mzigo ni finyu. Zipo simu zilizotengenezwa kwa masoko ya mbali ambazo baadhi ya masafa ya huku hazinayo kabisa, na hizo hakuna mpangilio utakaoziokoa. Hii ya mama ilikuwa nayo.

Alitembea na simu kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Kwenye kiti cha mama ilisoma hasi 116. Mlangoni, hasi 109. Hakutumia kipimo cha kasi, kile ambacho watu hukifungua kwa fahari, kwa sababu kinakula bando la mwenye simu kwa mamegabaiti ili kukupa namba moja ya kujivunia. Alipima kwa kutuma ujumbe mdogo mtupu na kuhesabu muda wa kurudi kwake, mara kumi kila mahali. Kwenye kiti, majibu yaliyumba: milisekunde 60, kisha 900, kisha 75, kisha halikurudi kabisa. Video inaweza kuvumilia mwendo wa pole. Kuyumba huko ndiko kulikokuwa kukimgandisha mjomba.

Karibu na dirisha linalotazama uwanjani, namba ilipanda mpaka hasi 94. Akasogea kidogo kushoto, ikashuka hasi 101. Akarudi, ikapanda. Nilimuuliza imekuwaje, mahali ni pale pale. Akanyoosha kidole kwenye paa la mabati la jirani, kisha kwenye ukuta wa mbele. Wimbi moja linaingia dirishani moja kwa moja, jingine linadunda kwenye bati, jingine kwenye ukuta, yote yanakutana chumbani, na mahali pengine yanasaidiana, mahali pengine yanauana, kama mawimbi ya bahari yanavyokutana kwenye kona ya gati. Hatua baina ya pazuri na pabaya inaweza isifike futuri. Alipapata, akapima mara kumi: 48, 51, 50, 49, na kuendelea hivyo. Akaweka kipande cha chaki sakafuni.

Tukahamisha kiti. Mama hakupenda, kwani kiti kile kilikuwa pale tangu baba yu hai, lakini alikaa. Mimi niliona kazi imekwisha na nikawa nashughulikia kahawa. Fundi alimkabidhi simu, akamwomba aishike kama anavyoishika siku zote anapozungumza na mdogo wake, kisha akapiga magoti pembeni, akasoma namba juu ya bega lake. Mama huishika simu kwa viganja viwili, kwa chini, kama mtu anayepokea sahani. Antena nyingi ziko huko ukingoni. Namba ilishuka kwa 5.

Hakumwambia abadilishe mikono.

"Bi mkubwa, niwie radhi, nikusogeze kidogo tena," akasema, akainama, akashika miguu ya kiti, akakisogeza na mama juu yake, futuri moja kuelekea dirishani, akapiga magoti tena kusoma.