Jaketi Inakumbuka Nini?

Mwaka 2017, Supreme na The North Face walitoa jaketi za kukumbuka safari ya 1989–90: wanaume sita wa nchi sita waliovuka Antaktika kwa sleji za kuvutwa na mbwa, karibu kilomita 6,000. Jaketi ni kali, sikatai. Lakini Will Steger na wenzake hawakuvumilia baridi ile ili tupige pozi. Walitaka bara hilo lilindwe, na mwaka 1991 Itifaki ya Madrid ikapiga marufuku uchimbaji madini huko. Sasa muulize aliyeivaa: atakutajia bei kabla ya Madrid. Kumbukumbu isiyosema watu walitaka nini ni tangazo tu, hata zipu ikiwa safi namna gani.