Furani na Fulani: Kuhusu Majina ya Polima za Pumba

Waundaji wa istilahi za Kiswahili wamezoea kulitohoa jina la kikemia kwa kulibandika irabu mwishoni, na hapo kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Jina furani ladhihirisha upungufu wa mtindo huo. Asili yake ni neno la Kilatini furfur, yaani pumba, kwa kuwa furfurali, aliyoieleza Döbereiner mwaka 1832, hupatikana kwa kuchemsha pumba, magunzi ya mahindi na makapi mengineyo katika asidi. Kampuni ya Quaker Oats ya Marekani ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1922 kutokana na maganda ya oti.

Mswahili asikiaye furani hasikii pumba. Husikia kitenzi kufura, au, akiwa miongoni mwa wasiotenga r na l, husikia fulani. Na “polima za fulani” huzua kicheko darasani. Hilo lavumilika. Lisilovumilika ni kwamba katika Kiingereza methani huandikwa kwa e mwishoni, ilhali furani haina e hiyo. Kiishio cha methani huashiria kaboni iliyokwisha kujaa haidrojeni. Furani ni pete ya atomi nne za kaboni na moja ya oksijeni, yenye vifungo viwili maradufu, nayo yaweza kupokea haidrojeni zaidi. Irabu -i imeifuta tofauti hiyo. Mwanafunzi afuataye kanuni ataiweka furani kundi moja na methani, naye atakosea kwa sababu ya utiifu wake. Afadhali furanu, hapo irabu ingalau ingefanya kazi.

Kuhusu polima zenyewe, lawama si ya Kiswahili pekee. Polifurfurili alkoholi, resini ishikamanishayo mchanga wa kalibu za kusubia chuma, imepewa jina la mzazi wake: molekuli ziunganapo hutoa maji, na kikundi kilichomfanya mzazi aitwe alkoholi hutoweka kwa sehemu kubwa. Kiswahili kingeweza kusema “polima itokanayo na alkoholi ya furfurili”, na ukweli ukahifadhiwa.

Poliethilini furanoeti, iwezayo kutengenezwa kwa sukari za mimea na izuiayo oksijeni kuliko PET ya chupa, imeponzwa na mabano. Kanuni za IUPAC huyaweka baada ya “poli”. Biashara huyaacha, na mtohozi humfuata mfanyabiashara. Msomaji hudhani ni ndugu ya poliethilini ya mifuko, kumbe ni poliesta.